Kura ya Kitaluni

Kwako Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana kila nikikuwaza siku hizi nakuona umesimama tu, barakoa usoni na viatu vya mpira miguuni, unatoka kitanda hiki kwenda kile. Vipi mikono yako? Uliniambia dawa ya kunawia imeichubua mpaka kukunja vidole ni kazi. Paka mafuta mazito ukitoka zamu, uvae soksi mikononi, na wenzako wakikucheka waache wacheke. Mimi huku ni mzima. Mwanao naye ni mzima wa mwili, hana homa wala kikohozi, anakula vizuri, na ile suruali ya kijani uliyomwachia ikiwa ndefu sasa inamfika katikati ya muundi.

Barua hii anakuletea dereva wa gari la dawa, yule mrefu anayepita hapa kila Jumanne. Nimemwomba akupe mkononi, asiiache mapokezi. Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo na juzi tu tumeongea. Lakini simu ni moja, na mwanao hukaa ubavuni kwangu kila ninapoongea nawe, na kuna mambo hayasemeki mtu akiwa amekukazia macho. Uliniuliza mwanangu ana nini, mbona ananijibu neno moja moja. Nikakuambia anakua, watoto wa miaka tisa ndivyo walivyo. Ukaniambia kwamba mwisho wa mwezi lazima utie sahihi, ama ubaki kwenye wodi ya wagonjwa wa janga miezi sita mingine, ama urudi nyumbani kwa mwanao, na kwamba utaamua kwa kuangalia hali yake. Mimi nikadakia haraka nikasema baki, mtoto hana neno. Kabla hujatia sahihi yoyote, nakuomba usome barua hii mpaka mwisho.

Nianze na kitalu, kwa sababu unakisikia tu na hujakiona. Unakumbuka shule zilipofungwa niliambiwa niwatumie wanafunzi masomo kwa simu. Nilikuwa na wanafunzi hamsini na wawili, na wenye simu ya kueleweka nyumbani walikuwa tisa. Wiki ya nne nikaandika barua ya kuacha kazi. Ulinigombeza, nikakunyamazia, kwa sababu sikuwa na namna ya kukueleza kwamba halikuwa janga peke yake. Miaka kumi na moja nimewaambia watoto kaa, simama, nyamaza, fungua ukurasa wa arobaini. Nilikuwa nimechoshwa na sauti yangu mwenyewe.

Kitalu kiko nyuma ya karakana ya mbao. Zamani watu walinunua miche pale, sasa yamebaki matuta, bomba la maji, kibanda cha mabati na uzio uliolala upande mmoja. Fundi, yule seremala mzee mwenye karakana, ndiye aliyenipa ufunguo wa geti. Alisema pale nje hewa haigombaniwi. Nikaanza na mwanao na wale pacha wa jirani. Mwezi haujaisha wakawa kumi na wanne, mdogo ana miaka mitano, mkubwa kumi na miwili. Hakuna darasa, hakuna kengele. Mtoto akifika ananawa, anachagua mwenyewe atakachofanya siku hiyo, na mimi na Fundi tupo akituhitaji. Mwanao ananiita Mama Mdogo, basi wote wakaniita Mama Mdogo, hata yule anayenizidi kimo.

Ningependa kukuambia ni kazi tamu. Kuna siku ni tamu. Siku nyingi, Dada, inanitoa roho. Mvua ikinyesha tunajibana chini ya turubai ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya watu, kila mmoja akiwa hatua mbili kutoka kwa mwenzake, yaani nusu yetu tunalowa kwa mujibu wa kanuni za afya. Barakoa wanabadilishana kama vile ni vibandiko. Sabuni inageuzwa kuwa majaribio ya mapovu. Asubuhi nawaambia ndoo ya kunawia ni ya kunawia, mchana naikuta ina vyura.

Na shimo. Walichimba shimo wiki tatu mfululizo, shimo tu, si la choo wala la taka. Nilipouliza la nini wakaniambia hawajajua bado. Kuwaachia watoto wachague ni rahisi sana kusema ukiwa umekaa mahali pakavu. Jaribu kumtazama mtoto anayesoma kwa kubabaisha akichagua kupanda juu ya kibanda siku ya kumi na saba, na wewe mwalimu wa kusoma upo hapohapo, umefumbata mikono, ulimi unakuwasha. Kuna siku nilikwenda nyuma ya rundo la mbao nikafundisha silabi peke yangu, kwa kunong'ona, ili nipumue.

Mama Pacha ananimaliza kwa njia yake. Kila mchana anasimama getini, barakoa mbili, na kuniuliza leo wamejifunza nini. Siku moja nikamwambia mmoja wa wanawe alitumia asubuhi nzima kutafuta umbali wa kumwaga udongo ili usirudi shimoni, na mwingine alikuwa akiandika vipimo ubaoni kwa Fundi. Akatazama kucha zao. Akaniuliza kama kuna daftari. Nikasema hakuna. Akauliza kwa upole kabisa, sasa hayo wanayojifunza yanawekwa wapi? Nilikasirika, na nilipofika nyumbani nikajua nilikasirika kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Halafu akaja Bwana Ratiba. Ndivyo watoto walivyomwita ofisa wa elimu, kwa sababu neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa ratiba iko wapi. Nikasema hatuna. Akataka daftari la mahudhurio, mpango wa masomo wa muhula, na kujua paa liko wapi. Nikamwambia tuko nje makusudi, ugonjwa unapenda ndani. Akasema shule isiyo na paa si shule. Nikamwambia hapo tumekubaliana, basi hana haja ya kuikagua. Hakucheka. Akamgeukia mtoto mkubwa kuliko wote, ambaye tunamwita Wakili kwa sababu haachi neno lipite bila kulidai maelezo, akamuuliza yuko somo gani. Wakili akajibu kwa adabu kwamba anachunguza kwa nini maji ya shimoni hayafyonzwi na udongo upande mmoja, kisha naye akamuuliza mzee siku hizi anajifunza nini. Ofisa akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Mwisho alituachia karatasi yenye muhuri. Watoto wasizidi kumi na watano. Wote wakae nje. Akipatikana mgonjwa, watu wa afya ndio watakaosema tuendelee au tusiendelee. Na tukifunga kwa sababu yoyote zaidi ya wiki moja, ruhusa imekufa, nianze kuomba upya. Hilo la mwisho alilisoma kwa sauti, mara mbili. Niliibandika karatasi ile ndani ya kibanda, na kila nikiingia mle macho yalikuwa yanaiendea yenyewe.

Kitu kilichotuweka pamoja katika vurugu zote hizo ni kikao cha asubuhi. Jambo lolote linalotuhusu wote linapigiwa kura. Kila mtu ana kokoto moja. Ndani ya kibanda kuna makopo mawili ya maziwa, lililopakwa rangi nyeupe ni la ndiyo, lisilo na rangi ni la hapana. Unaingia peke yako, unadondosha kokoto yako, unatoka, hakuna anayejua umedondosha wapi. Siku ya kwanza niliwaambia, nikiwa nimepiga magoti ili macho yetu yalingane, kwamba pale hakuna mkubwa, kokoto yangu na ya mdogo wao wa miaka mitano zina uzito mmoja. Nilikuwa namaanisha. Walipiga kura kunipokonya filimbi yangu, kumi na tano kwa moja, hata Fundi alinigeuka, nami nikaikabidhi.

Mwenye kuhesabu kura nilikuwa mimi. Walinichagua wenyewe. Wakili alipendekeza wahesabuji wawe wawili, wenzake wakamcheka, pendekezo likaanguka. Mmoja wao alisema Mama Mdogo hawezi kudanganya, atadanganya ili apate nini.

Mwezi uliopita Fundi alianza kukohoa. Siku ya pili akashindwa kunyanyua randa. Wakaja watu wa afya, wakamchukua, sisi wengine wote tukapimwa, tukakaa nyumbani siku tano kungoja majibu. Unajua siku tano za kungoja zilivyo kuliko mimi. Majibu yakaja, hakuna mwenye ugonjwa. Fundi alikuwa akifanya kazi kwenye meza yake peke yake, upepo ukipita, na watu wa afya wakaniambia tunaweza kuendelea, tuwe macho tu. Simu ya pili siku hiyo ilikuwa ya Bwana Ratiba, anauliza kama tumefunga. Nikamwambia hatujafunga, tulikuwa tunangoja majibu. Akasema sawa, siku tano anazivumilia, ya nane hataivumilia.

Tulirudi kitaluni siku ya sita. Hata ndoo hazijajazwa maji, Wakili akasimama akaitisha kikao. Akapendekeza tufunge mpaka Fundi atakaporudi. Nilidhani watamcheka tena. Hawakucheka. Mmoja akasema analala chumba kimoja na babu yake, na babu yake tayari anapumua kwa taabu. Mmoja wa pacha akasema kupimwa ni kwa jana, kukohoa ni kwa kesho. Yule wa miaka mitano aliuliza kama Fundi amekufa, nikamwambia hapana, akauliza kama nina hakika, nikasema ndiyo, ingawa siku ile sikuwa na hakika. Wakili akasema bibi yake ndiye mtu pekee aliye naye nyumbani, naye hataki kuwa mtu aliyempelekea bibi yake ugonjwa kwa sababu ya shimo.

Nikaomba nafasi, nikazungumza. Nilizungumza mno. Niliwasomea majibu ya vipimo, niliwaeleza habari ya ruhusa na siku ya nane, nikawaambia tukifunga sasa huenda tusifungue tena. Katikati nikaisikia ile sauti ya ukurasa wa arobaini ikinitoka, na sikuweza kuizuia. Nilipokaa, Wakili akasema ruhusa ni tatizo la kweli na anasikitika, lakini wanachopigia kura ni kile wanachokiogopa. Dada, nilikaribia kumpiga kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa anafanya kila kitu nilichoacha kazi ili nikione.

Wakaingia mmoja mmoja, kumi na wanne, na mimi wa kumi na tano. Kisha nikabaki ndani kuhesabu. Nikatoka nikatangaza saba za kufunga, nane za kuendelea. Wakili akainamisha kichwa, akasema kikao kimeamua. Akaenda kujaza ndoo maji.

Basi tukaendelea. Wiki tatu zimepita. Hakuna aliyeugua, na Fundi amerudi kwake, anakaa dirishani na blanketi, pumzi bado fupi lakini ulimi umesharudi, jana alinitumia ujumbe kwamba randa yake nimeiacha kwenye umande. Ukisimuliwa hivi utasema mambo yalikwenda vizuri. Mama Pacha mwenyewe ameanza kutusema vizuri, tangu wanawe walipompimia shamba lake la maua kwa kamba yenye mafundo. Sijawahi kuchukia kusifiwa kama ninavyochukia sasa.

Mwanao alibadilika tangu kikao kile. Yeye ndiye aliyekuwa mbishi kuliko wote, unamjua, anaweza kujadili rangi ya maji. Sasa kikao kikianza anakaa pembeni, mgongo kwenye uzio. Tukipiga kura anaingia kibandani kama wengine, lakini nikihesabu kuna moja pungufu kila mara, na jioni nikifua naikuta kokoto kwenye mfuko wa suruali ya kijani. Nilipomuuliza alisema amesahau. Nyumbani anafanya kila ninachomwambia, mara moja, bila swali, na hilo ndilo lililonitisha, maana mtoto huyu hajawahi kufanya kitu mara moja tangu azaliwe. Wewe ukipiga simu anasema ndiyo, hapana, niko sawa. Ukaniuliza ana nini. Nilikuwa najua ana nini.

Kura hazikuwa saba kwa nane. Kopo jeupe lilikuwa na kokoto nane. Waliamua kufunga. Nilizimwaga mezani, nikahesabu, nikahesabu tena, mbele yangu ikiwa ile karatasi yenye muhuri, na mkono wangu ukachukua kokoto moja upande wa nane ukaihamishia upande wa saba. Nasema mkono wangu, lakini nilikuwa na akili zangu timamu. Nilijua ninachokifanya, na nilikuwa na muda wa kuirudisha.

Nimejitafutia utetezi wiki tatu, Dada, na wote ninao. Watu wa afya walisema tunaweza kuendelea. Wazazi wangekata tamaa. Wale wanaosoma kwa kubabaisha wangepotelea ndani ya nyumba. Mwanao angebaki kwenye vyumba vyetu viwili akitazama ukuta huku akikungoja. Yote ni kweli, na hakuna hata moja nililokuwa nalifikiria wakati ule. Nilikuwa nafikiria kwamba niliacha kazi mbele ya watu, kwamba wewe ulisema nitajuta, kwamba Bwana Ratiba ataandika pale imefungwa kwa herufi kubwa, na mimi nitarudi kukaa kitandani na simu yenye wanafunzi tisa. Niliogopa kukaa bure. Watoto walimwogopea bibi na babu, mimi nikajiogopea mwenyewe, na hofu yangu nikaihesabu mara mbili.

Wakili ndiye anayeniuma zaidi. Hakuacha kuja. Angeweza, kitaluni hakuna anayelazimishwa, lakini alisema ukishindwa kura unatii kura. Anakuja kila asubuhi na barakoa mbili moja juu ya nyingine, akifika nyumbani anabadilisha nguo uani kabla ya kumsogelea bibi yake, anakula peke yake mlangoni. Wiki tatu anatii uamuzi ambao haukuwahi kufanywa. Nikimwona ananawa mpaka viwiko, nageuza uso nikijifanya natafuta kitu.

Mwanao aliniona. Alikuja na ndoo nyuma ya kibanda, pale bati lilipoachana, na aliona mkono wangu. Niliinua macho nikakutana na jicho lake kwenye ufa. Nikatoka nikatangaza, yeye akiwa amesimama na wenzake, na ndoo bado mkononi.

Alhamisi alasiri tulikuwa jikoni, mimi naosha vyombo, yeye anafuta. Nikamwambia najua uliona. Akaendelea kufuta sahani ileile. Nikamwambia nilifanya vibaya, niliiba kura yao, na Jumatatu nitawaambia wote kikaoni, wapige upya, mimi sitapiga wala sitahesabu. Na wakiamua kufunga tutafunga siku hiyohiyo, ruhusa ife. Akauliza kama Wakili atahesabu. Nikasema Wakili na mwingine watakayemchagua. Akatikisa kichwa kukubali, akachukua sahani nyingine. Ndipo nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu, hata mama yake, wiki tatu zote hizi. Nilidhani atasema ananiogopa, au ananionea aibu, na nilikuwa nimejiandaa kusikia lolote kati ya hayo.

Akasema hakukuambia kwa sababu ungejua ungesema huwezi kumwacha na mtu kama huyo, ungerudi, na wale wagonjwa wangebaki na nani. Alisema hivyohivyo, mtu kama huyo, nami niko mbele yake na mapovu mikononi. Akasema anakujibu neno moja moja kwa sababu akianza kusema mengi, na hilo litatoka. Halafu akaniomba jambo. Wenzake niwaambie, ni haki yao. Lakini wewe nisikuambie mpaka uwe umetia sahihi.

Nilikaa chini palepale jikoni. Nimekuwa nikikueleza kwenye simu kwamba mtoto anakua, kumbe mtoto amejifungia mdomo kwa makusudi, kwa ajili ya watu asiowajua waliolala mbali, na kwa kufanya hivyo amejinyima wewe, ambaye ndiye mtu pekee anayemlilia. Mimi ndiye niliyempa mzigo huo. Sikumpa kwa kuhamisha kokoto tu. Nilimpa kila siku niliyokaa naye meza moja nikijua anajua, nikampakulia chakula na kumuuliza kama kimekolea chumvi.

Ombi lake nimelikataa. Nilimwambia nitakuandikia kabla ya mwisho wa mwezi. Akasema basi hapakuwa na haja ya kumuuliza, kwa kuwa nishaamua. Tangu Alhamisi hanisemeshi kabisa, na leo Jumamosi, ninapoandika, amekaa nje kwenye ngazi na mgongo amenipa. Huenda nimekosea tena. Mara mbili katika mwezi mmoja mtoto ameamua jambo na mimi nimepita juu yake, na sina njia ya kumthibitishia kwamba mara hii ni tofauti. Lakini wewe ni mama yake, na sahihi ni yako.

Sitakuambia ubaki, wala sitakuambia urudi. Juzi nilidakia, na sitarudia. Ukirudi, nitafungasha nguo zake vizuri na sitalalamika. Ukibaki, utakuwa umemwacha na mimi, na sasa unajua niliyofanya. Unapoisoma barua hii Jumatatu itakuwa imeshapita na wenzake watakuwa wameshajua. Mpigie mwanao. Nitampa simu nitoke nje, niende mpaka getini, akuambie anachotaka. Na akikujibu tena neno moja moja, usimkubalie.

Nisalimie wenzako wa zamu, na yule mzee wa kufagia wodi uliyesema anakufanya ucheke. Fundi anakusalimu, anasema ukipata nafasi umweleze kama kupumua kwa filimbi kifuani ni jambo la kuisha au la kuzoea. Tunza mikono yako. Dereva atapita tena huku Jumanne inayofuata, na ukiwa na maneno ya kunigombeza, yaandike yote, nitayasoma hadi la mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekuomba radhi kwako na kwa mwanao.